Uzio Wako, Baba, Uko Ndani ya Mstari

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na hawajambo wote wanaolala katika boma lako? Kifua chako kinasemaje? Katika barua yako umesema kikohozi kimepungua, lakini mama amemwambia mtu wa reli kwamba usiku hakuna anayelala kwa ajili yako, kwa hiyo sijui nimwamini nani. Nadhani nitamwamini mama. Nauliza pia habari za mguu wake, habari za yule ng'ombe mwekundu aliyemkataa ndama wake, na habari za shamba lile la chini ambalo maji huliingilia kila mwaka na kila mwaka unalilima tena. Mimi niko. Mwili hauna ugonjwa, ila miguu imepasuka kwa maji ya baridi, na kila asubuhi navaa viatu nikiwa nimeuma meno.

Barua hii isome mwenyewe. Najua mwalimu wa kanisa hupenda kukusomea, na wewe hupenda kumsikiliza huku umefumba macho, lakini hii usimpe. Nimeandika herufi kubwa, kama za kile kitabu ulichosomea ubatizo, usije ukasingizia macho. Soma polepole, hata ukichukua siku nzima. Ukimaliza, itie motoni. Sikuipeleka posta. Nimempa mtu wa reli, yule wa Marachi anayeshuka Butere, naye ameapa kuiweka mkononi mwako na si mwa mtu mwingine.

Neno lenyewe nalitoa kwanza, kwa maana nikianza kulizunguka nitachoka kabla sijalifikia. Kabla mvua kubwa hazijaanza, watakuja kuufunga mto wetu, kuanzia kivukoni mpaka kwenye miamba, ili samaki wapate mahali pa kuzalia bila kuguswa. Uzio wako wa kunasia samaki uko ndani ya mstari wao. Mtu atakayekutwa uzio wake umesimama atapelekwa kwa D.C., na kutoka kwa D.C. ni jela. Na nyapara wa watu watakaokuja kuung'oa ni mimi.

Kaa kidogo, baba. Usitoke nje na fimbo. Soma mpaka mwisho.

Uliniandikia kwamba chifu alipotangaza jambo hili barazani, wewe ulisimama ukasema neno moja tu, "Waje," ukaketi, na watu wakakupigia makofi. Nilicheka nilipoisoma, kwa kuwa nilikuona kabisa, umevaa lile koti lako la kuendea harusi za watu. Kisha nikaacha kucheka. Hao waliokupigia makofi hakuna hata mmoja atakayelala jela kwa niaba yako. Wewe unadhani wanakuja watu wa maneno, kwamba mtabishana mpaka jua lichwe, mtakunywa kitu, mwishowe mtaelewana. Mimi nafanya kazi na watu hao. Ngoja nikueleze kazi yenyewe ilivyo, ujue ni akina nani unaowaambia waje.

Mto tunaoshughulikia sasa ni Malewa, unaotoka milimani ukamwaga maji yake katika ziwa la Naivasha. Asubuhi tunaingia majini wakati nyasi bado ni nyeupe kwa umande wa baridi. Mmoja anashika mti wa kupimia kina, mwingine chekeche. Tunachota changarawe, tunaipepeta palepale mtoni, tunatafuta mayai. Mahali penye changarawe safi na maji yanayokimbia ndipo samaki wanapozalia. Bwana wetu, Mzungu ambaye sisi tunamwita Bwana Samaki na yeye anajua na hachukii, anapiga magoti kwenye maji hayo na suruali yake nzuri. Akiona mayai anatuita sote tuje tutazame, kama mtu aliyeletewa mjukuu. Halafu anachora mstari kwenye ramani, na sisi tunapaka mawe chokaa, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Kutoka mawe meupe ya juu mpaka mawe meupe ya chini hakuna ruhusa ya kutia ndoana, wala kikapu, wala wavu. Wanaita hifadhi. Akimaliza mto mmoja anaanza kupanga mwingine, na ramani zake ni nyingi.

Samaki wenyewe wanaolindwa huko si wa hapa. Ni trauti, samaki wa madoadoa walioletwa na Wazungu kutoka kwao, wakatiwa mtoni kabla mimi sijazaliwa. Chini ya hifadhi Wazungu wenye leseni wanawavua kwa fimbo ndefu. Wanamtoa samaki mmoja, wanamsifu, wanampiga picha, na wengine wanamrudisha majini. Nilipomwona Mzungu wa kwanza akimrudisha, mimi nilidhani samaki amemteleza mkononi. Niliruka mtoni na nguo zangu zote, nikamfukuza yule samaki mpaka nikamkumbatia, nikamletea mwenyewe kwa furaha kubwa. Wenzangu wanacheka mpaka leo. Wakitaka kunitania wananiita Kumbatia.

Lakini mambo ya kucheka huku ni machache. Tunatembea na askari wenye bunduki kwa sababu msitu wa juu umepigwa marufuku tangu hii hali ya hatari, imajensi, ianze, na mtu akionekana kule hupigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Katika mashamba ya Wazungu nyumba za Wakikuyu ni tupu. Milango iko wazi na kuku wanatembea bila mwenyewe. Hapa Bondeni, katika chumba kilichopakana na changu, alikuwa anakaa fundi wa viatu, Mkikuyu, mtu mpole, ambaye alikuwa akinishonea soli kila nikirudi kutoka mtoni. Lori lilikuja likamchukua yeye na mkewe na watoto, hata hawakuruhusiwa kuepua sufuria. Niliiepua mimi. Askari mmoja alisoma kipande changu cha kazi, akaona kimeandikwa mtu wa Nyanza, akanirudishia, akapita. Mpaka leo sijui yule fundi yuko wapi, na hakuna ninayeweza kumwuliza. Nakuambia haya ujue kwamba siku hizi mtu akichukuliwa, hakuna anayefuata nyuma kutetea.

Sasa nikueleze ya Barasa. Huyu ndiye aliyekuwa nyapara wetu kabla yangu, kijana wa Marachi, na chumba hiki tulikipanga pamoja. Hakuna mtu aliyekuwa anaipenda kazi ile kama yeye. Bwana Samaki alikuwa akimwita mbele ya wote na kumwonyesha ramani. Barasa alikuwa na mjomba wake, ndugu ya mama yake kabisa, mzee aliyekuwa akikamua ng'ombe katika shamba moja karibu na Malewa. Mke wa mzee huyo alikuwa ameugua na amekataa chakula, akasema kitu pekee ambacho angeweza kumeza ni samaki, kama wa nyumbani. Mzee akasuka migono, vile vikapu vyetu vya kunasia, akaitega ndani ya hifadhi. Sitakudanganya kwamba hakujua. Chokaa aliiona. Lakini mke alikuwa amelala pale, naye alimtaka ale.

Tulimkuta ndani ya maji mpaka kiunoni, anauvuta mgono. Askari wakamtoa, wakamkalisha ukingoni na nguo zinachuruzika. Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye jambo lote. Kawaida ya Bwana Samaki, mtu wa mara ya kwanza huonywa, migono yake ikachomwa, akaambiwa aende zake. Tulikwisha kuona hivyo mara nyingi. Alikuwa hata amefungua mdomo kumwonya. Ndipo Barasa akatokea kutoka chini ya mto, amebeba mti wa kupimia, akamwona mjomba wake.

Wewe unajua mjomba ni nani kwetu. Mtu hampiti mjomba wake kama anayepita kisiki. Barasa aliweka mti chini. Akavua kofia. Akainama, akampa mikono miwili, akamwuliza habari ya nyumbani, na habari ya mke, na habari ya kila mtoto kwa jina lake, na yule mzee, pale alipokaa katikati ya bunduki, akamjibu yote pole pole bila kuruka hata moja, kisha naye akaanza kumwuliza habari za mama yake. Sisi wengine tuliangalia chini. Kila mmoja wetu angefanya vilevile.

Bwana Samaki alingoja mpaka wakamaliza. Uso ulikuwa umeiva. Akauliza, "Huyu ndugu yako?" Barasa akajibu, "Ndiyo, Bwana, ni mjomba wangu," kwa heshima, bila kuficha kitu. Basi yule Mzungu akaona kwamba amechezewa, kwamba nyapara wake mwenyewe ndiye anayewaambia jamaa zake ni lini mto una walinzi na ni lini hauna. Barasa alivuliwa shati la kazi palepale mtoni. Alirudi Nakuru amefunga blanketi, kipande chake kikaandikwa vibaya, na kwa kuwa mtu asiye na kazi haruhusiwi kukaa hapa, alipandishwa gari la moshi. Hakuwa ameiba kitu wala hakusema uongo. Alimsalimu mjomba wake.

Mzee alifungwa. Nilimpelekea uji, nikaambiwa amehamishwa, na nilipouliza wapi, nikaambiwa niende zangu. Baadaye mtu mmoja wa shamba lile akaniambia kwamba baridi ya sakafu ilimwingia kifuani, akafa, akazikwa hukohuko na wafungwa wengine. Hapakuwa na mtu wa kwao hata mmoja wa kutupa udongo. Mke wake bado yuko hai. Sijui anaishi kwa nini.

Tangu siku hiyo ikawa amri kwamba hakuna mtu atakayefanya kazi kwenye mto wenye jamaa zake. Na mimi nikapewa shati la Barasa.

Halafu Bwana Samaki akaniita, akaitandaza ramani juu ya boneti ya lori. Nikaona ni mto wetu. Sikuwahi kuuona ukiwa umechorwa, lakini niliutambua mara moja kwa ule mpindo wake chini ya kilima, pale tulipokuwa tunaogelea. Ameshauchorea mstari mwekundu. Akasema samaki wetu, ningu, wanakwisha, kwamba zamani mvua ikianza walikuwa wakipanda mto kutoka ziwa la kwetu kuja kutaga mpaka maji yanakuwa meusi, na sasa wanakuja wachache, na kama mito haitafungwa wakati wa kuzaa, watoto wetu watamjua ningu kwa kusimuliwa.

Baba, katika hilo hasemi uongo. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mwaka jana mgono ulitoa majani na vyura. Mimi nilipokuwa mdogo mama alikuwa akikausha ningu juu ya paa kwa sababu ardhini nafasi imekwisha. Samaki wamepungua, na mtu anayetaka wazae si adui yetu. Ningependa awe adui, ningemchukia nikalala vizuri.

Nilimwambia habari ya mlango. Nilimwambia, Bwana, uzio wa kwetu una mlango. Ningu wakianza kupanda, mwenye uzio anavua, lakini habari ikija kutoka kwa watu wa juu ya mto kwamba na wao wanangoja, mlango unafunguliwa, samaki wanapita, na mwenye kukataa kufungua hapewi mke na watu wa juu. Sikumwambia kwamba wewe ndiwe uliyekwenda kupeleka habari kwamba mlango umefunguliwa, ukarudi na mchumba, ndiye mama. Hiyo niliiweka moyoni.

Akasema, "Najua ile mlango. Nimeona. Desturi mzuri sana."

Nikasema, basi, Bwana, samaki hawakumalizwa na uzio. Walikuwepo na uzio ulikuwepo tangu babu zetu. Wamemalizwa na zile nyavu za nailoni zilizotegwa ziwani, pale mdomoni mwa mto. Ningu anakamatwa kabla hajaingia. Kwa nini usifunge kule?

Hakunikasirikia. Alikunja ramani taratibu, akasema zile nyavu zina leseni, na ziwa lina wakubwa wake wengine, ameshaandika, ameshauliza, na ameambiwa ashughulike na mito. "Ziwa hapana yangu," akasema. "Mto ndiyo yangu." Halafu akaniuliza, "Wewe natoka huko. Iko ndugu yako kwa mto?"

Nikamwambia hapana. Nikasema watu wetu ni wa kilimani, wakulima wa mtama, na samaki tunanunua sokoni.

Hivyo ndivyo nilivyokukana, baba. Sikuona haya wakati ule, kwa kuwa nilikuwa nafikiri haraka. Kama ningesema ndiyo, ningebaki huku Malewa na kazi ya kwetu angepewa koplo wa askari, ambaye nimemwona akifanya kazi hii kwenye mto mwingine. Huyo haonyi mtu. Anaanza kwa kuwasha moto, anachoma uzio na migono na hata kibanda cha kulindia, kisha anawafunga watu kamba moja, wazee kwa vijana, wanatembea mpaka barabarani. Na kama ningekataa kazi kabisa, ningevuliwa shati kama Barasa, na huyohuyo koplo angekuja. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sikuona njia ambayo uzio wako unabaki. Njia niliyoiona ni ile ambayo wewe unabaki.

Sheria yenyewe ni hii. Uzio ukikutwa umesimama, mwenyewe ana kesi. Uzio ukikutwa umeng'olewa na mwenyewe, mtu anaandikwa jina, anaonywa, basi. Ndiyo tofauti yote. Kwa hiyo nakuomba, na mimi si mtu wa kukuomba vitu, ung'oe. Ung'oe wewe na mikono yako kabla hatujafika. Mwite ndugu yangu mdogo Okumu akusaidie, usiingie majini peke yako na kifua hicho. Fito zifanye kuni. Ile nguzo kubwa ya katikati, ambayo babu aliisimamisha, usiwaachie. Ipeleke nyumbani, uisimamishe zizini, ng'ombe wajikune. Hakuna mahali sheria inapokataza nguzo zizini.

Najua utakalosema. Utasema ule si uzio tu, mahali pale ni pa ukoo, na mtu asiye na mahali mtoni ni mpangaji katika nchi ya baba yake. Utasema utaketi juu yake, waje wakutoe. Sikia. Nikifika nikaukuta umesimama, nitaung'oa. Koplo atakuwepo, na Bwana Samaki atakuwepo, na mimi nitatoa amri kama ninavyotoa kwa mtu yeyote, halafu nitasimama kando huku wanakufunga kamba. Sitakuwa na la kufanya. Nikisema neno moja tutakwenda wote wawili, na mama atabaki na mashamba na mguu wake ule. Sikuandikii haya kukutisha. Ninaogopa mimi. Tangu nilipoonyeshwa ile ramani chakula hakipiti vizuri, na nikisikia mtu anakohoa katika vyumba hivi vya Bondeni nashtuka.

Jela si kama unavyoisikia kwa watu waliolala siku mbili kwa sababu ya kodi. Ni sakafu ya saruji. Kwa kifua chako, baba, usiniambie habari ya ukoo.

Basi sasa salamu, na safari hii kila salamu ina kazi ndani yake.

Mama msalimie sana, umwambie nakula vizuri. Lakini siku ile asiwe karibu na mto. Mama hawezi kujizuia. Akiniona na kofia ya kazi atapiga vigelegele kuanzia kilimani, na hapo tutakuwa tumekwisha. Mpeleke kwa ndugu zake huko juu, sababu tafuta wewe, unajua kuzitunga. Mke wangu Nabwire aende pamoja naye. Umwambie mwenyewe, usimtume mtu, kwamba nitafika mpaka mtoni na sitapanda nyumbani. Atakasirika, na ana haki. Umwambie lile shati la mistari alilonishonea bado ninalo, nalivaa kanisani. Shangazi Auma msalimie na msimwambie kitu chochote. Mtumeni soko la mbali kabisa. Nampenda, lakini mdomo wake tunaujua. Okumu abaki na wewe akushike mkono, maana ukingo ule unateleza, lakini aache utani wake kabisa siku hiyo. Akiniona asinicheke na asiseme nimenenepa. Mwalimu wa kanisa msalimie kwa adabu, umwambie niliandika habari za mvua tu.

Wewe ukae pale ukingoni, kando ya mahali palipokuwa na uzio. Nitateremka na Bwana Samaki yuko nyuma yangu. Sitavua kofia. Sitainama, wala sitakupa mkono. Nitakuuliza kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, "Mzee, jina lako nani?" Halafu nitakuuliza jina la baba yako, ambalo ni jina langu, na nitamtajia karani aliandike. Najua hakuna mtoto aliyewahi kumfanyia baba yake hivyo katika ukoo wetu. Ukitaka kunilaani, nilaani moyoni, lakini ungoje lori liondoke. Wewe nijibu tu kama unavyomjibu askari yeyote. Usiniangalie sana usoni. Na kama kikohozi kitakushika wakati nimesimama pale, ujue nimekisikia, ingawa nitaendelea mbele kwa uzio wa pili.

Binti yangu Nekesa msimfiche. Alizaliwa nikiwa huku, na kila likizo niliyoomba nimenyimwa. Mwache aje na watoto wengine kutazama lori. Mumvishe shanga nyekundu, nipate kumjua ni yupi. Hata nikipita karibu naye hakuna hatari, yeye hatanisalimu.

Ni mimi mwanao,
Yohana Wandera